Sikiliza gita la pili

Nilipokuwa darasa la tano, fundi redio mmoja wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na redio kaseti kubwa yenye spika mbili, na spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Redio za wateja ndizo zilizokuwa na haraka, yake ilingoja. Kila nikitoka shule nilikaa kwenye benchi lake, nikimshikia bisibisi na kusikiliza kanda moja ya mchanganyiko ambayo aliirudisha mwanzo kila ilipokwisha. Spika nzima ilitoa besi, ngoma, waimbaji kwa mbali kidogo, na gita moja lililokuwa likizunguka mahali pale pale: noti tano au sita, kisha tena, kisha tena. Niliamini wimbo ndio huo. Nikaukariri kwa mdomo, njiani kwenda nyumbani, mkono ukipiga paja.

Miaka miwili baadaye, kwenye harusi ya dada yangu, nikausikia wimbo ule katika spika mbili zilizo hai. Kumbe kulikuwa na gita jingine. Lilipanda juu, likalia, likashuka kwa madaha, na watu uwanjani wakalishangilia. Mimi nilisimama karibu na jenereta nikilitafuta gita langu. Lilikuwepo. Halikuwa limebadilisha hata noti moja. Lile la juu lilikuwa likicheza juu ya mgongo wake.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa mtaani kwangu, hapa Dar es Salaam, waanze na albamu gani, wanunue gita gani. Jibu langu lote linatoka kwenye spika ile iliyokufa. Muziki wa gita wa Afrika Mashariki na Kongo umejengwa juu ya gita la pili, lile ambalo wanamuziki wetu huliita ridhimu. Anayelisikiliza hilo kwanza hataangalia santuri, wala duka la vyombo, kwa jicho lile lile.

Basi tuanze na bendi ya Les Wanyika. Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu maishani mwako, uwe "Sina Makosa" wa mwaka 1979. Watu wengi wanaupenda kwa hadithi yake ya mapenzi na lawama, na wana haki. Lakini weka vipokea sauti masikioni, yaache maneno yapite, umtafute Omari Shabani. Wenzake walimwita Profesa. Ridhimu yake haipigwi kwa kukwaruza nyuzi zote sita kama afanyavyo mtu anayejifunza nyimbo za kanisani. Anachagua nyuzi mbili tatu, anazikatakata, anazizima kwa kiganja kabla hazijamaliza kusema, halafu anaacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo anayoingilia Tom Malanga na besi. Ukisikiliza mara ya kumi utagundua kwamba besi na ridhimu hazipigi pamoja karibu hata mara moja. Zinapokezana, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Les Wanyika walizaliwa Nairobi mwaka 1978 kwa kujitenga na Simba Wanyika, na mizizi ya Simba Wanyika iko kwetu Tanga. Waanzilishi wake, Wilson na George Kinyonga, ndugu wa tumbo moja, walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kwenda Arusha, kisha Mombasa, kisha Nairobi. Wilson alishika solo. Wanamuziki wa Kitanzania wakiimba Kiswahili cha Tanga mjini Nairobi, kwa mitindo iliyokwisha kuchanganyika na ya Wakongo waliojaa mji ule: mpaka leo watu hubishana kama muziki huo ni wa Kenya au wa Tanzania. Mimi nimeacha kubishana. Natafuta tu "Pepea", albamu ambayo Simba Wanyika waliitoa mwaka 1992, iliyorekodiwa vizuri kuliko zile santuri ndogo za zamani, na ambamo unaweza kuyatenganisha magita kwa sikio bila kukunja uso. Kwa mwanafunzi wa ridhimu hiyo ni shule nzima.

Kwa nini gita la pili lilipewa heshima hiyo kwetu? Nadhani sababu moja ni vyombo vyenyewe. Mwanamuziki wa dansi wa Tanzania hakuwa na gita lake. Gita la umeme, amplifaya, spika na kipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye vyombo, na mwenye vyombo aghalabu alikuwa taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Polisi Jazz ya polisi. Mlimani Park, wana Sikinde, walioanza mwaka 1978, walikuja kuwa chini ya shirika la DDC la Dar es Salaam. Mtu aliajiriwa, akapiga, akalipwa mshahara, akalirudisha gita la watu. Ukihama bendi, gita linabaki. Mazingira hayo hayamfundishi mpiga gita kujenga jina lake kwa chombo cha ajabu ambacho wengine hawana. Yanamfundisha kukaa ndani ya bendi, na kufanya chombo cha wote kiseme pamoja na vingine.

Halafu kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio zikapiga kwa mpigo mmoja, wote pamoja, kama wako ukumbini. Hakukuwa na kurudia kipande cha solo mara arobaini mpaka kinyooke. Tafuta albamu ya Mlimani Park iitwayo "Sikinde", mkusanyiko uliotolewa na lebo ya Africassette ya Detroit, Marekani, na usikilize hali hiyo kwa masikio yako. Sauti ya Hassan Rehani Bitchuka na ya Muhiddin Maalim Gurumo zinasifiwa na kila mtu, nami nazisifu. Ila subiri wimbo ubadilike, pale waimbaji wanapokaa pembeni na magita kubaki uwanjani. Kuna matatu pale, wakati mwingine manne, na hakuna hata moja linalomkanyaga mwenzake. Nimewahi kujaribu kuandika kwenye daftari kila moja linafanya nini. Nilimaliza wimbo mmoja kwa majuma matatu, na hayo majuma matatu nayahesabu miongoni mwa yale mazuri ya maisha yangu.

Kwa anayetaka kurudi nyuma zaidi, Buda Musique wa Ufaransa walitoa mfululizo wa Zanzibara. Toleo la tatu katika mfululizo huo, "Ujamaa", limekusanya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960. Sauti ni kavu, besi hafifu, lakini magita yako mbele kabisa. La tano linaendelea na Dar es Salaam ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Nunua yote mawili ukiweza. Ukishindwa, anza na la tano.

Hapa mtu atanisimamisha: na Mbaraka Mwinshehe je? Mbaraka aliitwa Soloist National. Mtoto wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1944, akainuka na Morogoro Jazz, akapiga mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa bado hajatimiza miaka 35. Kama kuna mtu aliyelifanya gita la solo liongee Kiswahili fasaha, ni yeye. Sina ubishi. Kanda za mfululizo wa "Ukumbusho", zilizotolewa Kenya baada ya kifo chake, ninazo, na mbili nimezichakaza mpaka utepe umeanza kulia. Nawaomba tu mashabiki wake wenzangu wafanye jambo moja: wachague wimbo wowote ambao Mbaraka anapaa, wamsikilize aliye chini. Yupo mtu pale ambaye hapandi hata kidogo. Bila yeye, Mbaraka angekuwa anapaa kutoka wapi?

Kongo ndiko jambo hili lilikofikishwa mbali kuliko kwingine, na ndiko nilikopata ushahidi wangu mkubwa. Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, ni mmoja wa wapiga solo waliosikilizwa kuliko wote barani. Ridhimu yake ilipigwa na kaka yake, Charles Mwamba, maarufu kwa jina la Dechaud. Mdogo mbele, mkubwa nyuma. Wawili hao walikuwa Brussels mwaka 1960 na African Jazz ya Joseph Kabasele, wakati "Indépendance Cha Cha" ulipotungwa na kurekodiwa, wimbo uliosambaa Afrika nzima ndani ya mwaka ule. Usikilize leo kwa ajili ya Dechaud. Ni mtu aliyekubali kubeba, na unaisikia furaha yake katika kubeba.

Kwa Franco Luambo hali ni ile ile. Katika OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, aliyepiga ridhimu kwa miongo mingi ni Simaro Lutumba, na Simaro huyo ndiye mtunzi wa "Mabele", wimbo ambao wengi wa Kinshasa huutaja wanapoulizwa ushairi wa rumba uko wapi. Mpiga gita la pili akawa mshairi wa bendi. Sidhani kama ni bahati tu. Anayekaa nyuma anasikia wimbo mzima, na anayesikia wimbo mzima anajua mahali neno litakapokaa.

Albamu za Franco ni nyingi mno na mgeni hupotea. Anza na "Francophonic", mikusanyiko miwili ya lebo ya Sterns iliyotoka mwaka 2008 na 2009. Wa kwanza unaanzia miaka ya 1950 na kuishia 1980, wa pili unamsindikiza mpaka kifo chake mwaka 1989. Kisha "Omona Wapi", albamu aliyoifanya pamoja na Tabu Ley Rochereau baada ya miaka mingi ya ushindani, na ambamo wawili hao wanamwombolezea Kabasele. Kisha, usiku mmoja ukiwa huna haraka, "Mario" wa mwaka 1985. Unazidi dakika kumi, na ridhimu haiondoki kwenye zamu yake.

Wakongo hawakutosheka na magita mawili. Katikati ya solo na ridhimu waliweka la tatu, mi-solo, linalojaza uwazi uliobaki. Na hapa ndipo tunapoingia dukani, maana mi-solo lina siri ya kifundi ambayo kila mwenye gita anaweza kuijaribu leo kwa gharama ya uzi mmoja. Uzi wa nne, ule wa D, unatolewa. Mahali pake unafungwa uzi mwembamba wa kwanza, ule wa E, kisha unalegezwa toni moja mpaka uwe D, oktavu moja juu ya ule uliotolewa. Mtindo huo unaitwa mi-composé. Gita halina tena kifua katikati. Linakuwa na meno. Ule mlio wa kengele ambao vijana huniambia wameutafuta kwenye pedali za bei mbaya bila kuupata, mara nyingi uko pale, kwenye uzi ule mmoja.

Nami nilianza na pedali, nikakosea. Mshahara wangu wa kwanza wa maana niliupeleka Kariakoo, nikanunua gita la umeme lenye sumaku nzito na pedali ya kukwaruza sauti, kwa sababu muuzaji alinipigia nikasisimka. Pale dukani, gita likiwa peke yake, lilikuwa simba. Jumamosi yake nikaenda mazoezini na wenzangu wanne. Ridhimu niliyoipiga ikawa uji; noti ziliungana, nafasi zikafa, mpiga besi akasimama kunitazama bila kusema neno. Nilifunga begi mapema siku hiyo. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba sauti inayopendeza peke yake si lazima ipendeze kati ya watu.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza magita haya namwambia hivi. Kama fedha ni kidogo, nunua gita kavu, na katika yale yanayopatikana kwa urahisi napenda Yamaha F310. Mbao zake ni za tabaka zilizogandishwa pamoja, si ubao mmoja mzima, na kuna watu wanaolidharau kwa hilo. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari ni faida: ubao wa tabaka hauvimbi na kujikunja upesi kama ubao mzima. Urefu wa nyuzi zake pia ni mfupi kidogo kuliko wa magita mengi makubwa, milimita 634 kutoka nati hadi daraja, na vidole vya anayeanza vinashukuru.

Kwa gita la umeme, Yamaha Pacifica 112 imenitosha kwa muda mrefu. Ina sumaku tatu: mbili nyembamba na moja nene karibu na daraja. Ile nene naigusa kwa nadra. Ridhimu yangu inakaa pale swichi inapochanganya sumaku ya katikati na ya shingoni. Sauti inakuwa nyembamba, safi, yenye hewa ndani yake. Mwenye uwezo wa Fender Stratocaster, chombo kilichotoka mwaka 1954 na ambacho magita mengi ya aina hii yamekiiga, anunue na Mungu ambariki, lakini nimesikia Stratocaster nyingi zikipigwa vibaya kwenye kumbi za mji huu na magita ya bei rahisi yakiliza watu.

Amplifaya ndiyo inayostahili fikra kuliko gita. Itafute iliyo safi, isiyoongeza ukali wake yenyewe. Duniani kigezo cha usafi huo ni Roland JC-120 ya mwaka 1975, wati 120, spika mbili za inchi 12, na ndani yake kifaa cha korasi kinachoifanya sauti itetemeke kama mwanga juu ya maji. Huihitaji nyumbani, na majirani hawaihitaji zaidi. Wati 10 hadi 20 zinatosha chumba. Korasi yenyewe unaweza kuipata peke yake: Boss walianza kuitengeneza mwaka 1976 kwa kuitoa kwenye amplifaya hiyo ya Roland, na pedali ya CE-2 ya mwaka 1979 na ndugu zake waliofuata bado ninawapendekeza. Ukisikia muziki wa Kinshasa na Paris wa miaka ya 1980 ukajiuliza yale maji yanatoka wapi, ni humo. Geuza kitufe kidogo tu. Na weka stebilaiza kati ya ukuta na amplifaya, maana umeme wetu hupanda na kushuka, na umeme ukipanda ghafla amplifaya ndiyo inayoungua.

Kuhusu nyuzi, nanunua pakiti ya D'Addario inayoanzia 0.010, na kwa anayeanza inayoanzia 0.009. Upepo wa chumvi hula chuma. Nyuzi zinazodumu miezi mitatu Iringa zinaota kutu mwezi mmoja Mikocheni. Zipo za Elixir zenye utando mwembamba unaozuia kutu; bei yake ni kubwa, lakini ukipiga hesabu ya pakiti ulizookoa inarudi. Asiyeweza afute kila uzi kwa kitambaa cha pamba kila anapomaliza kupiga, juu na chini yake. Ndani ya begi natia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na gita lisiachwe ndani ya gari. La kwangu moja, gita kavu nililolipenda, lilikaa kwenye buti adhuhuri moja tuliposimama Chalinze kula; nilipolifungua jioni, daraja lilikuwa limebanduka upande mmoja na gundi imeng'aa kama utomvu. Fundi alilirudisha. Sauti haikurudi yote.

Kuna kifaa kimoja zaidi, na hicho kinaturudisha kwenye santuri. Ni kapo, kibano kinachofungwa shingoni ili nyuzi zote zipande pamoja. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa kalamu ya risasi na mpira, nami nilianza hivyo hivyo. Ukikifunga, ukapiga kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, umeingia Katanga ya miaka ya 1950, kwa Mwenda Jean Bosco.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na kati ya Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana huyo akipiga gita mtaani Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Bosco alikuwa na miaka kama 22. Akaimba kwa Kiswahili cha Katanga, akapiga "Masanga", na mpaka sasa wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanaketi kuuchambua noti kwa noti. Mtaalamu David Rycroft aliuandikia uchambuzi katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwingine, John Low, alifunga safari hadi Katanga kwenda kuwatafuta wapiga gita wa mtindo ule, akaandika kitabu cha safari hiyo. Wote hao walikuwa wakitafuta jibu la swali ambalo mtoto wa Ngamiani angelielewa: gita la pili liko wapi? Bosco yuko peke yake, lakini unasikia wawili. Gumba linashika mwendo chini, kidole cha shahada kinazungumza juu, na katikati yake kuna mahali ambapo wanakutana na kupishana na huwezi kusema nani ni nani.

Rekodi hizo zilitoka kwa lebo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo, Afrika Kusini. Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza magita ya bei nafuu. Moja la aina hiyo, Gallotone Champion, lilivuka bahari, na mwaka 1957 likawa mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon, naye akalipiga siku za mwanzo kabisa kabla dunia haijamjua. Huwa namkumbusha hilo kila kijana anayenionyesha picha ya gita la milioni nane.

Kazi za Tracey zinapatikana kwa mpangilio mzuri kwenye lebo ya SWP ya Uholanzi. Mkusanyiko wa magita ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia ndio wa kuanza nao. Bosco mwenyewe, akiwa mtu mzima, alirekodi tena, na lebo ya Rounder ikaitoa kazi hiyo kwa jina "Mwenda wa Bayeke" baada ya kifo chake cha mwaka 1990.

Zilizobaki nazitaja kwa haraka, si kwa sababu ni ndogo. "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989, iliyorekodiwa Uingereza katika studio za Real World: magita yamepangwa kwa usafi ambao studio za nyumbani hazikuweza kuutoa wakati ule, na Remmy, mzaliwa wa Kindu aliyeipa Sinza jina la kituo cha basi, anaimba kama anayekuita kwa jina lako. "Virunga Volcano" ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, kwa anayetaka kujua Nairobi ya miaka ya 1980 ilikuwa na joto gani. "Benga Blast!" ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, mtu aliyezaliwa upande wetu wa mpaka, Shirati, na kuwa mfalme upande wa pili. Humo gita linafuata sauti ya nyatiti na besi inarukaruka usivyotarajia. "The Nairobi Beat" ya mwaka 1989, mkusanyiko wa lugha nyingi za Kenya kwenye albamu moja. Na "Charonyi ni Wasi" wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi, ulioimbwa Kitaita, ambao nimeona ukiwainua vitini watu wasioelewa neno lake hata moja.

Nimeiacha moja ya mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipiga sasa, jioni, barazani. Inaitwa "Furaha Wenye Gita", na ni nyimbo za George Mukabi, Mluhya wa magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wake waliuita omutibo. Gita lake ni moja, kavu, na gumba lake lina nguvu kuliko la Bosco. Linakwenda kama mtu anayepanda mlima akiwa amebeba gunia na bado anaongea. Pembeni yake kuna mlio mwembamba, mkavu, usiokoma, ambao mwanzoni nilidhani ni kasoro ya santuri. Ni chupa ya Fanta. Mtu ameishika mkononi na kuigonga kwa kipande cha chuma, juu ya ile mikunjo ya ubavuni. Huyo ndiye gita la pili.

Binti yangu ana miaka kumi na moja na ndiye anayenishikia chupa. Hapendi mwendo uzidishwe, na mimi ndiye ninayeuzidisha, naye hunikazia macho mpaka nirudi. Tumejaribu chupa kadhaa. Iwe ya kioo, iwe tupu kabisa, na ile ya zamani yenye mikunjo mingi ndiyo bora. Ukiikosa, ya soda yoyote itafaa ukiigonga karibu na shingo. Ya plastiki tumeijaribu, haitoi kitu.